Nungunungu wa nyama na biskuti za kalunguyeye: mwongozo kamili wa kutoa miba inayosimama

Nungunungu wa nyama ni mipira ya nyama ya kusaga yenye mchele ndani, na mchele ndio unachomoza kama miba; biskuti za kalunguyeye ni za umbo la mnyama huyo na miba juu ya mgongo. Wengi wanaojaribu nungunungu wa nyama wanaishia na vijiviringe vya nyama vya kawaida vyenye vitu vyeupe ndani, miba hakuna, alafu wanasema resipi ni ya uongo. Resipi si ya uongo. Karibu kila saa shida ni moja kati ya mbili, ama mchele uliowekwa ulikuwa umeshapikwa, ama mchuzi ulikuwa mzito tangu mwanzo. Ukishika hizo mbili umemaliza nusu ya kazi. Na kwa biskuti ni kinyume kabisa, miba ya nyama inatolewa na maji, miba ya biskuti inashikiliwa na baridi, kwa hivyo nitaziongelea zote mbili hapa kwa sababu watu huzipika siku moja, birthdei ya mtoto ama wageni wa Jumapili, na hazipikwi kwa akili moja.

Mtu wa Siaya ama Kakamega hahitaji kuelezwa nungunungu ni nani, ni yule mwizi wa mihogo na viazi vitamu anayekuja usiku na asubuhi unapata miba shambani. Kalunguyeye ni yule mdogo wa kujikunja ukimgusa. Kwa sahani tofauti yao ni hii: nungunungu wa nyama ni mviringo tu na miba, hana uso, kalunguyeye wa biskuti ana pua na macho na miba inaanzia nyuma ya kichwa. Usijaribu kumpa wa nyama macho, ametosha vile alivyo.

Chakula chenyewe kilishika sana Marekani miaka ya 1930 wakati uchumi wao ulianguka na nyama ikawa ya kuhesabu, watu wakawa wanaongeza mchele ndani ya nyama kidogo ili itoshe nyumba nzima. Warusi nao wako na yao, wanaiita kwa jina la kalunguyeye. Wachina wa mkoa wa Hubei wanafanya kwa njia nyingine, wanachukua mchele wa kunata uliolowekwa wanaubandika nje ya mpira wa nyama alafu wanapika kwa mvuke. Wajerumani ndio waliniacha mdomo wazi, wako na kalunguyeye wa nyama mbichi ya nguruwe iliyosagwa, miba ni vipande vya kitunguu, na wanaipaka kwa mkate hivyo hivyo mbichi. Huko wako na sheria kali sana za nyama ya aina hiyo. Sisi tupike.

Kwa nini miba inatoka

Elewa hii kwanza juu ikikuingia hautahitaji ata kusoma vipimo vingine. Punje ya mchele mbichi iko ndani ya nyama, ncha yake moja iko karibu na nje. Ukiipika kwa mchuzi mwepesi punje inakunywa maji na inarefuka, na mchele mrefu kama pishori unarefuka zaidi kuliko unavyonenepa, ndio maana tunautaka huo. Wakati huo huo nyama inajikaza na kurudi nyuma. Moja inasukuma nje na nyingine inavuta ndani, na hapo ndio mwiba unatokea. Mchele uliopikwa tayari umeshamaliza kurefuka kwa hivyo hauna pa kwenda, unajipondeka tu ndani. Mchele mfupi wa kunenepa unatoa vinundu, si miba.

Kwa mchele watu wa Kisumu mko na bahati, Ahero iko hapo tu na mchele unauzwa kando ya barabara kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Uliza wa punje ndefu, uchukue mmoja mkononi uangalie kama ni mzima, mchele uliovunjika vunjika uache wa uji. Nakuru tunapata sana wa Mwea. Wote unafanya. Chambua mawe vizuri kuliko vile unachambua siku zingine, jiwe ndani ya mpira wa nyama halionekani mpaka lipate jino la mtu.

Nyama na vitu vingine

Kwa watu watano au sita, nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga inatosha. Usichukue ile imekwisha kusagwa ikawekwa kwa dirisha la buchari, wewe chagua kipande cha bega chenye mafuta kiasi, mwambie jamaa "boss nisagie hii nikiona, pitisha mara mbili, na usitoe mafuta yote." Hiyo ya mafuta ni muhimu. Steki tupu bila mafuta inatoa nungunungu mkavu wa kukwama kooni, na ukishapika mchuzi ukiona mafuta yameelea ni mengi unayaengua na kijiko, kwisha. Sehemu moja kati ya tano ikiwa mafuta uko sawa. Na kusaga mara mbili kunafanya nyama ishikane bila wewe kuikanda sana.

Mchele ni nusu kikombe, yaani kama gramu 100, na usizidishe hapo ukidhani miba itakuwa mingi, mchele ukizidi mpira unapasuka katikati ya kupika na unabaki na kitu karibu na pilau. Osha mara moja, chuja, uache kwa chujio ukauke kiasi. Usiuloweke, mchele uliolowa unavunjika ukichanganya na nyama na mwiba uliovunjika ni mwiba mfupi.

Kitunguu kimoja cha wastani, kikwaruze kwa grater ama ukate kidogo sana sana, vipande vikubwa ndio hufanya mpira upasuke. Vitunguu saumu vipunje viwili, dania ya kukatwa kiganja kimoja, chumvi kijiko kidogo kimoja, pilipili manga nusu kijiko. Kama wewe ni mtu wa Royco weka kijiko kidogo lakini upunguze chumvi nusu, hizo viungo za pakiti zina chumvi tayari. Yai moja. Wengine wanasema yai halihitajiki, na kweli kwa oveni unaeza kuliacha, lakini juu ya jiko ambapo mchuzi unachemka na kusukuma mipira nasema weka. Na maji vijiko vinne vya supu ndani ya nyama yenyewe, usiruke hii, ndio maji ya kwanza mchele wa katikati utakunywa.

Changanya chumvi na nyama kwanza peke yake, kama dakika moja kwa mkono, utaona inaanza kunata vidole. Alafu ndio uweke kitunguu, viungo, yai, maji, na mchele uwe wa mwisho kabisa. Mchele ukiingia geuza tu mpaka usambae, usikande kama unga wa chapati. Chukua kidogo, saizi ya ukucha, ukichome kwa kikaango uonje chumvi, hicho kipande mchele wake hautaiva kwa hivyo usitafune kwa nguvu, unatafuta chumvi tu. Mambo ya kuonja nyama mbichi achana nayo.

Paka mikono maji, tengeneza mipira ya upana wa kama sentimita 4, unapata kama 20 hivi. Usiibane sana. Kazi yako ni kuifanya iwe mviringo, ukiibana kama unakamua kitu mchele unakosa njia ya kutokea. Na ukimaliza usiipanguze punje zinazochungulia nje, hizo ndio miba yako ya kwanza.

Mchuzi

Sufuria iwe pana na si ndefu. Hii ni kwa sababu mipira lazima ikae safu moja, hakuna kupandana, na kati ya mmoja na mwingine uache nafasi ya kidole kwa sababu itafura. Kama sufuria yako ni ile ndefu ya ugali basi pika kwa awamu mbili.

Kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka kilainike, kisiwe kahawia. Weka nyanya tano kubwa zilizokwaruzwa ama kusagwa kwa blenda, vijiko viwili vya nyanya ya pakiti ile nzito, chumvi nusu kijiko, sukari nusu kijiko kama nyanya ni chachu, na kama watoto hawali hoho kabisa basi hapa ndio pa kuificha, isage na nyanya. Pika mpaka harufu ya ubichi iishe. Sasa mimina maji vikombe viwili. Utaona mchuzi umekuwa mwepesi mpaka unajiuliza kama umeharibu, na ndio vile inatakiwa, mchele utakunywa sehemu kubwa ya hayo maji na mwisho utabaki na mchuzi wa kawaida. Ukianza na mchuzi mzito mchele unakosa maji, unabaki na kiini kigumu na chini kunaungua.

Mchuzi ukichemka shusha moto, alafu weka mipira moja moja na kijiko. Uifike katikati ama juu ya katikati kidogo, isizame yote. Watu wengi wamezoea kukaanga mipira ya nyama kwanza ipate rangi, na kwa mipira mingine nakubali, lakini hapa hapana. Ukikaanga nje kunafanya ganda na punje za nje zinakauka kuwa ngumu kabla zipate maji. Ndio sababu nungunungu wa kukaangwa huwa na upara.

Funika. Mfuniko ukiwa unacheza cheza weka foili chini yake ama sahani nzito juu, mvuke ukitoka miba ya juu ambayo haiko ndani ya mchuzi inabaki mikavu na inachoma ulimi. Dakika 15 za kwanza usifungue na usiguse, bado ni laini na itavunjika. Karibu dakika ya 20 fungua haraka uangalie. Utaona vidoti vyeupe vimejaa juu ya nyama ambayo imeshageuka rangi ya kijivu, na ukikaza macho kwa mmoja utaona ncha zimeanza kuinuka, kila moja imezungukwa na kaduara kadogo ambako nyama imerudi nyuma. Hapo chukua kijiko uwamwagie mchuzi juu, wote, alafu ufunike tena. Dakika ya 25 ama 30 unaeza kuwageuza mara moja, polepole, na hiyo moja inatosha.

Saa ya kuiva inategemea unapikia wapi na hii watu hawaambiwi. Kisumu iko chini, kama mita 1,100 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, maji yanachemka karibu 94. Nyuzi mbili zinaonekana kitu kidogo lakini mchele unazisikia. Kisumu, Busia, Siaya hesabu dakika 45 tangu mipira iingie. Nakuru hesabu 55 mpaka saa nzima, na uwe na kikombe cha maji moto kando juu mvuke utakuwa umetoka mwingi. Eldoret na Kericho ni kama Nakuru ama zaidi kidogo. Ndio maana resipi ya mtu wa Mombasa inaeza kukuangusha ukiifuata neno kwa neno ukiwa Njoro, huku juu upande wa Nakuru. Maji ukiongeza yawe ya moto, ya baridi yanasimamisha kila kitu.

Moto uwe ule wa kutokota tu. Kwa gesi ni ile ndogo kabisa, kwa makaa toa makaa mengine nje uache ya chini yenye jivu. Mchuzi ukirukaruka mipira inagongana na miba inavunjika, utaikuta chini ya sufuria imekuwa uji.

Kujua kama wameiva chukua mmoja wa katikati, umpasue. Ndani kusiwe na wekundu na punje ikibanwa kwa vidole isiwe na kile kidoti kigumu cheupe katikati. Kama uko na kipima joto cha jikoni, nyama ya kusaga inatakiwa ifike nyuzi 71 ndani. Miba ikiwa imesimama vizuri lakini ndani bado, ongeza dakika kumi na usiwe na haraka. Mwisho toa mfuniko dakika tano mchuzi ushikane, nyunyiza dania.

Mwenye oveni anafanya hivi: mchuzi moto kwa trei yenye kina, mipira ndani, foili juu ifungwe kabisa, nyuzi 180 kwa saa moja, dakika kumi za mwisho toa foili. Oveni inatoa miba safi kuliko jiko, nasema ukweli, juu hakuna kitu kinatikisa mipira.

Kuila, mimi sipendi ile ya kuiweka juu ya wali, mchele juu ya mchele ni wa nini. Chapati iko sawa sana, na ugali na sukuma ndio imeshika kwetu, watoto wanachovya ugali kwa mchuzi wanabakisha nungunungu wa mwisho wa kuangaliana nani atamchukua.

Kuna watu wa Kisumu wataniuliza kuhusu samaki. Inawezekana, tumia mbuta isiyo na mifupa, isage ama uikatekate kwa kisu mpaka inate. Lakini samaki anaiva haraka kuliko mchele, ukimpika dakika 45 anakuwa sponji, kwa hivyo hapa ndio mahali pekee mchele unachemshwa kidogo kabla, dakika nane, unachujwa, unapoa kabisa, ndio unachanganywa. Alafu mipira inakaa kwa mchuzi dakika 20 tu. Miba itakuwa mifupi kiasi lakini iko. Kuku wa kusaga mfuate kama ng'ombe, ila ongeza kijiko cha mafuta kwa sababu kuku ni mkavu, na mwishie hakuna wekundu kabisa ndani.

Ikibaki, usiiache kwa sufuria mpaka asubuhi. Hii si kitoweo cha kawaida ya nyama tu, iko na mchele, na mchele uliopikwa ukikaa joto joto kuna vijidudu vinavyoota na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiui. Joto la Kisumu mchana hesabu saa moja nje, usiku wa Nakuru wenye baridi saa mbili, baada ya hapo friji. Itakaa siku tatu. Ukipasha ongeza maji, mchele bado unakunywa ata ndani ya friji na mchuzi utaukuta umekuwa donge.

Sasa biskuti

Hapa badilisha akili. Kwa nyama ulikuwa unatafuta maji na joto la pole pole, kwa biskuti adui ni maji na joto kabla ya kuingia ovenini. Unga ukiwa wa moto miba unayoikata inalala chini kabla ata uioke. Mtu wa Kisumu anayefanya hii saa nane mchana mwezi wa pili bila friji ajue anajitesa, afanye asubuhi mapema.

Kipimo ni rahisi kukumbuka, ni tatu, mbili, moja kwa uzito: unga gramu 300, siagi ama majarini gramu 200, sukari gramu 100. Bila mizani ni unga vikombe viwili na nusu vya kukwangua juu, vikombe vya kupimia si vya chai, na sukari nusu kikombe kabla ya kuisaga. Siagi inatoa ladha nzuri zaidi, majarini inatoa biskuti inayoshika umbo vizuri kiasi na bei ni ya kwetu, unaeza kuchanganya nusu nusu. Sukari isage kwa blenda ama ununue ile ya kupambia keki, sukari ya chenga inaacha vidoti na inafanya biskuti itambae. Chumvi kidogo, vanila kijiko kidogo. Hakuna hamira, hakuna pauda ya kufurisha keki, hakuna unga ule wa kujifurisha wenyewe. Chochote kinachofurisha kinaua miba, biskuti inatoka imenenepa na uso umepotea.

Siagi iwe laini ya kubonyeka na kidole lakini isiwe imeyeyuka. Ipige na sukari mpaka ichanganyike tu, si kama ya keki, hutaki hewa nyingi humo. Weka vanila, chumvi, unga, alafu kusanya kwa mkono mpaka ikae donge. Ikikataa kushikana ongeza kiini cha yai kimoja, usiongeze maji. Funga kwa karatasi ya nailoni uweke friji nusu saa.

Gawa vipande vya gramu 25, ni kama 24 vyote. Kila kimoja kiviringishe, alafu upande mmoja uvute kwa vidole viwili uwe pua iliyochongoka. Pua ifanye kubwa kuliko unavyodhani inafaa, ikiokwa inapungua. Hapa sasa kuna njia mbili za miba.

Ya kwanza ni mkasi, na hii ndio naipenda. Mkasi mdogo msafi, ule wa jikoni tu si ule wa kucha. Chovya ncha kwa unga mkavu. Anza nyuma ya uso, shika mkasi umelala, ncha zikiangalia upande wa pua, ukate kidogo tu juu ya ngozi ya unga, ukifunga mkasi kapembe kadogo kanasimama. Rudi nyuma kidogo ukate safu ya pili lakini mikato ikae kati ya ile ya kwanza, si nyuma yake moja kwa moja, hivyo ndivyo miba inaonekana kujaa. Endelea mpaka mkiani. Ukiona pembe inakatika unakata kina sana, ukiona inalala unga umepata joto, rudisha friji dakika kumi ufanye kingine. Mkimaliza zote, trei nzima iingie friji tena dakika 20 mpaka 30 kabla ya moto. Hii hatua ndio watu wanairuka na ndio inaamua.

Ya pili ni chokoleti na njugu. Unaoka kwanza bila miba, inapoa kabisa, alafu unachovya mgongo kwa chokoleti iliyoyeyushwa na kuviringisha kwa njugu zilizopondwa. Chokoleti ya kupikia gramu 150 na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, kwa bakuli juu ya sufuria ya maji moto, bakuli lisiguse maji. Tone moja la maji ama mvuke likiingia chokoleti inaganda ghafla kama udongo na hairudi, kausha bakuli na kijiko kwanza. Njugu zikaange, zitoe maganda, ziponde kwa kinu kwa kugonga si kwa kusaga, alafu zipepete uondoe unga unga ubaki na vipande vyenye pembe. Kabla ya kukaanga zichambue kama mchele: iliyokunjamana, yenye ukungu, nyeusi, yenye harufu ama ladha chungu inatupwa, ile sumu ya ukungu wa njugu haitolewi na kukaanga. Simsim pia inafaa sana na inapatikana mpaka huko Teso na Busia kwa wingi, inatoa miba mifupi mizuri, na nazi iliyokaushwa ya supamaketi inatoa kalunguyeye mweupe. Kama ni ya watoto wa watu, uliza wazazi kwanza kuhusu njugu, kuna mtoto anaeza kukosa pumzi kwa njugu moja.

Oveni nyuzi 170, dakika 15 mpaka 18. Angalia chini yake si juu, chini ikipata kahawia nyepesi na ncha za miba zikianza rangi, toa. Zitakuwa laini ukitoa, usiziguse dakika kumi.

Bila oveni inawezekana na watu wengi huku wanaoka hivyo. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu kabisa kina cha vidole viwili, kistendi cha chuma ama vikopo vitatu vifupi juu ya mchanga, funika upashe kwa jiko la makaa dakika 15. Mawe ya mtoni usiweke, yakiwa na unyevu ndani yanaeza kupasuka. Biskuti ziwe kwa sahani ya bati inayokaa juu ya kistendi bila kugusa pembeni, mfuniko urudi, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Miba inakaushwa na moto wa juu, kwa hivyo ukiweka makaa yote chini utapata matako meusi na mgongo mbichi. Oka moja peke yake kwanza uone moto wako unachukua dakika ngapi, ndio uweke zingine.

Macho na pua weka zikipoa, chokoleti kwa kijiti cha meno, doti tatu. Kuna watu wanaweka karafuu, inapendeza kwa picha, lakini mtoto akiiuma ataichukia biskuti maisha yake yote, afadhali vipande vya zabibu kavu.

Na kama uko na tende, kuna ya haraka ambayo haitaki mkasi wala kuchonga pua: piga mayai mawili na nusu kikombe cha sukari, weka kikombe cha tende zilizokatwa, kikombe cha njugu za kupondwa, vijiko vinne vya unga, nusu kikombe cha nazi kavu. Ipumzike dakika 15 tende zinywe. Chota kwa kijiko, viringisha kwa nazi nyingine, oka nyuzi 160 kwa dakika 12 mpaka 15 nazi ipate rangi. Hizi ni nungunungu kamili, nazi inasimama kila upande, na ni tamu mpaka chai yake usiweke sukari.

Za mkasi zikishapoa kabisa zinakaa kwa kopo lililofungwa wiki mbili Nakuru, Kisumu hesabu wiki moja juu ya unyevu wa ziwa. Zikilainika zirudishe oveni ama sufuria dakika tano zipoe bila kufunikwa. Za chokoleti panga safu moja moja na karatasi katikati, na kama unazibeba kwa matatu jua la mchana shikilia kopo mapajani, usiliweke kwa buti wala pale mbele juu ya injini.